Mkwe Wangu wa Barazani

Kuna mtu mmoja hapa Kyela ambaye hajawahi kukaa chini ya paa moja nami tangu niolewe, na kila ninapolikumbuka hilo roho yangu inatulia. Ni baba mdogo wa mume wangu. Kabla ya kuwa mkwe wangu alikuwa mwalimu wangu wa michezo, na nilipokuwa kidato cha tatu alinifanyia jambo ambalo sijalisamehe na sioni dalili ya kulisamehe. Watu wa kanisani hunishauri niombe. Naomba kila siku, ila si kwa ajili yake.

Nilikuwa mfungaji wa timu ya shule ya mpira wa pete. Darasani sikuwa wa kujivunia, hesabu zilinishinda mchana kweupe, lakini nikisimama chini ya goli nilikuwa sikosi. Urefu nilirithi kwa baba na mikono kwa mama. Mama ni Mkisi wa mwambao wa ziwa, mfinyanzi, aliyekulia kwenye vyungu na mitumbwi ya kuvipeleka sokoni Lyulilo, kisha akaolewa huku Ngonga kwa Wanyakyusa wa mpunga na kakao. Alinifundisha kufinyanga kabla sijajua kusoma, na nadhani ndiyo maana mpira ulinitii. Mwaka huo nilichaguliwa timu ya wilaya. Baada ya wilaya ni mkoa, na anayeng'ara mkoani huchukuliwa taifa. Dada wawili waliotutangulia walipitia mlango huo wakapata nafasi kwenye timu za majeshi, wakajengea wazazi wao. Mimi sikuwa na mlango mwingine, na kila mtu nyumbani alilijua hilo, pamoja na mwalimu.

Kambi ya timu iliwekwa kwenye mabweni ya shule yetu. Jumatano moja mchana mwenzetu alipandwa na homa akaanza kutapika. Mlezi wa kambi, mama mmoja mnene ambaye pia alisimamia jiko, aliniambia nimsindikize zahanati. Tulikwenda kwa miguu, akapimwa, akakutwa na malaria, akapewa dawa, tukarudi kabla ya chakula cha jioni. Kesho yake mwalimu wa michezo alinitoa mbele ya wenzangu mazoezini. Alisema nimetoroka kambi, na kwamba Ijumaa saa tatu nifike ofisini na mzazi.

Sikupewa barua. Sikuambiwa nimetoroka kwenda wapi wala nani aliyeniona. Baba yangu alikuwa Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, amepeleka mchele, na mwalimu alijua, maana baba alipita kumuaga. Kwa hiyo mzazi aliyebaki alikuwa mama, na hapo ndipo penye ubaya wote.

Inabidi nieleze jambo ambalo wageni hulicheka. Mwanamke aliyeolewa kwa Wanyakyusa humkwepa baba mkwe wake, na ndugu wa baba mkwe nao ni baba wakwe. Hamtazami usoni, hataji jina lake, haongei mahali anapomsikia, hakai ndani ya nyumba aliyokaa yeye. Wakikutana njiani, mwanamke huingia migombani mpaka mzee apite. Mzee naye ana wajibu wake: akijua mkwe yuko ndani haingii, hukohoa nje na kusubiri. Siku hizi wengi wameacha, hasa wa mjini, na wengine huumaliza mwiko huo kwa kupeana zawadi na kula pamoja. Mama yangu hakuacha. Alikuja kutoka mwambao akiwa mgeni, mawifi wakamwambia Wakisi hawana adabu, basi akaishika mila ya watu kuliko wenyewe wanavyoishika.

Mwenyekiti wa bodi ya shule wakati huo alikuwa kaka wa babu yangu mzaa baba. Kwa mama, huyo ni mkwe kamili.

Kamati ya nidhamu haikuwa kazi ya mwenyekiti wa bodi. Walikuwa wanakaa walimu wanne au watano, wanamaliza. Mzee mwenyewe aliniambia miaka mingi baadaye, akiwa ameshazeeka sana, kwamba asubuhi ile mwalimu wa michezo alimfuata nyumbani kwa pikipiki. Alimwambia jambo ni zito, linamhusu mjukuu wake, watu wasije wakasema amependelewa. Mzee alishangaa, akavaa koti, akapanda.

Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Njia nzima alirudia maneno atakayosema. Alikuwa ameyapanga vizuri, kwa Kiswahili, kwa sababu hakutaka walimu waseme hajui lugha. Atasema nilitumwa. Atasema mlezi wa kambi aitwe, naye yuko palepale jikoni. Atasema mgonjwa mwenyewe aulizwe, na daftari la zahanati litazamwe. Nilimsikiliza nikaona kesi imekwisha.

Tulipofika mlangoni mama aliona kiatu cha mzee na ncha ya fimbo yake. Hakuhitaji kuona zaidi. Aligeuka hapo hapo, akajitanda kitenge kichwani, akaenda kukaa chini barazani, kisogo kwa dirisha. Mimi niliingia peke yangu.

Mwalimu alisoma kosa. Nilipofungua mdomo kusema nilitumwa, aliniambia, "Subiri uulizwe." Sikuulizwa. Mzee mwenyekiti, ambaye alikuwa mtu mwema na sikuwa na ugomvi naye mpaka tulipomzika, alisema, "Na mzazi wake je? Naye aseme." Mwalimu akainuka, akaenda dirishani, akainama kidogo.

"Mama," alisema kwa upole, "una neno lolote la kumtetea mtoto?"

Mzee alikuwa hatua nne kutoka dirisha lile. Niliona mabega ya mama yakipanda, akivuta pumzi ya kusema, kisha yakashuka. Hakugeuka. Mwalimu alisubiri. Alisubiri kwa ustaarabu kabisa, mkono mmoja kwenye nondo za dirisha, mpaka kila mtu mle ndani akaridhika kwamba mama amepewa nafasi.

"Mzazi hana pingamizi," alisema, akarudi kukaa.

Yeye ni Mnyakyusa wa hapa hapa. Hakukosea kwa kutojua. Kutoka pale nilipokuwa nimesimama niliona moshi wa jiko ambako mlezi wa kambi alikuwa akipika, na hakuna aliyetumwa kumwita. Nilisimamishwa shule mwezi mzima na kuondolewa kwenye timu. Kikao chote kilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na chai waliletewa kweli.

Njiani kurudi, tulipofika mbali na shule, mama alinisemea mimi yale maneno yote aliyoyapanga, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa mpangilio wake. Nililia. Yeye hakulia, na hilo liliniuma zaidi. Baba aliporudi kutoka Malawi alikwenda shuleni, akaonyeshwa karatasi: kamati ilikaa, mzazi alihudhuria, hakuwa na pingamizi. Alirudi amenyong'onyea, akachukua jembe.

Mwezi ule nilishinda shambani kuamia ndege, maana mpunga ulikuwa umeanza kuiva na kwelea walikuwa hawana huruma. Jirani yetu alikuwa na redio kwenye kibanda chake. Siku ya mwisho ya mashindano ya mkoa mtangazaji alisoma majina ya waliofanya vizuri. Akataja langu. Alitaja majina yangu yote matatu, akasema nimefunga kuliko wote na nimechaguliwa kwenda taifa. Jirani alinitazama akiwa na kombeo mkononi. "Si wewe huyo?" aliniuliza. Nikasema ni mimi.

Mwalimu alikuwa ameleta mamluki, dada mmoja aliyekwisha kumaliza shule mkoa mwingine, akamchezesha kwa fomu yangu. Picha yangu ilikuwa kwenye fomu, lakini kwenye zile picha ndogo zilizogongwa muhuri usoni hakuna mtu anayefanana na mtu. Kwa kuwa mimi singeweza kuwa kambini wawili, ilibidi mmoja atoroke. Alitaka kombe, akalipata, na mwaka uliofuata alipandishwa cheo. Jina langu lilikwenda taifa, likalala hotelini, likala kuku. Mimi nilibaki Ngonga.

Mwaka uliofuata shule haikunirudisha timuni, kwa sababu kwenye faili langu palikuwa na utoro. Nikamaliza kidato cha nne kwa alama za kuombea radhi, nikasoma ukarani, nikapata kazi kwenye mahakama ya mwanzo. Kazi yangu ilikuwa kuandaa mafaili na kuita watu ndani. Hapo ndipo nilipoona kwamba hata mwizi wa kuku, aliyekamatwa na kuku kwapani, husomewa shtaka lake, huulizwa kama analielewa, na huambiwa alete mashahidi alionao. Siku ya kwanza nilipolisikia hilo likisemwa kwa mlevi mmoja wa Ipinda, nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Nilikuwa na hasira tangu zamani, lakini kabla ya siku hiyo sikujua jina la kitu nilichoibiwa.

Mume wangu nilimpata mahakamani hapo hapo. Alikuja kutoa ushahidi kwenye kesi ya mpaka wa shamba la kakao, akajibu maswali bila kuzunguka, nikampenda. Naomba hilo liaminike, kwa sababu wapo wanaosema niliolewa kwa ajili ya kisasi. Nilikuwa nimeshampenda kabisa alipokuja kujitambulisha kwetu na kutaja ukoo wake. Mama alinitazama. Siku hiyo nilicheka peke yangu mpaka nikaogopa watu wataniona sina akili.

Baba mzazi wa mume wangu alikuwa amefariki zamani. Mkwe aliyebaki alikuwa mwalimu. Wote walidhani mke karani, aliyesoma, mwenye simu ya kuparaza, atayapuuza mambo ya kale. Siku ya kwanza aliyokuja nyumbani kwetu nilikuwa napepeta mchele uani. Nikatupa ungo, nikajifunika, nikaingia migombani mbio. Wifi zangu walisifu sana. Walisema siku hizi hakuna tena wanawake wenye adabu hii, na wakamweleza mama yao, na mama yao akaeleza kanisa zima.

Tangu siku hiyo hakuingia tena nyumbani kwa mtoto wa kaka yake. Misiba, Krismasi, ubatizo: nikiwa ndani, yeye nje. Kwenye ubatizo wa mwanangu wa kwanza ilinyesha mvua ya Kyela, ile isiyojali mtu amevaa nini. Alisimama chini ya mchikichi na mwavuli wa kuazima, suti yake ya uzee wa kanisa imelowa mpaka magotini, nami nilikuwa ndani nikipakua wali. Sijawahi kupakua wali taratibu namna ile. Wageni walidhani nawahesabia nyama.

Mara mbili alituma zawadi ili tumalize mwiko. Mara ya kwanza ilikuwa kitenge kizuri, kililetwa na shangazi wa mume wangu. Nilipiga magoti, nikakipokea kwa mikono miwili, nikakirudisha hivyo hivyo. "Ndaga fijo, asante sana," nilisema. "Mwambieni baba mimi bado mchanga kwenye ukoo, sijastahili." Mara ya pili ilikuwa mbuzi, na nilikuwa nimeshazaa watoto watatu. Nikasema bado mchanga. Shangazi alikohoa kuficha kicheko, lakini mbuzi alirudi alikotoka.

Alijua kwa nini. Ni mtu mwenye akili, hilo sijawahi kumnyima. Ila angemwambia nani? Angesimama kanisani alalamike kwamba mke wa mtoto wa kaka yake ana heshima kupita kiasi?

Alipostaafu alibaki kwenye bodi ya shule, na akarudi uwanjani kufundisha wasichana mpira wa pete kwa kujitolea. Lazima niseme kweli: alikuwa kocha mzuri, sikuzote alikuwa kocha mzuri. Mwanangu alipoingia kidato cha kwanza, wazazi wakanipendekeza kwenye bodi hiyo. Kikao changu cha kwanza nilifika saa nzima kabla, nikachagua kiti kinachotazamana na mlango. Mwalimu alikuja na mkoba wake, akaniona, akasimama. Akakohoa. Wajumbe wenyeji waliinamisha vichwa kwenye makabrasha. Nami nilijitanda kitenge vizuri, nikageukia ukutani kama inavyotakiwa, wala sikunyanyuka. Alifuata kikao kizima akiwa barazani, akituma maoni yake kwenye vikaratasi. Baada ya vikao vitatu aliandika barua ya kujiuzulu kwa sababu za kiafya.

Nikaingizwa kwenye kamati ya nidhamu kwa sababu ya kazi yangu. Nilifanya mema huko na sitaki yasahaulike. Nilisimamia mwanafunzi apewe shtaka kwa maandishi, apewe siku za kujiandaa, mzazi apewe muda wa kufika, mashahidi waitwe kwa majina. Mkuu wa shule, mama mmoja mgeni kutoka Singida, alinipenda. Alisema kabla yangu vikao vilikuwa vya kukaripia tu. Nilijivuna, na nilikuwa na haki ya kujivuna.

Kisha mwaka huu ikaja kesi ya binti wa Matema.

Alikuwa nahodha wa timu, binti wa mvuvi, mwenye miguu mirefu na aibu nyingi. Kwenye mchezo wa kirafiki mwamuzi alianguka na kuumia mkono, akadai binti huyo alimsukuma kwa makusudi. Binti alisema hakumgusa, kwamba watazamaji waliingia kwenye mstari na msukumo ulitoka nyuma. Timu ya mkoa ilikuwa karibu kutajwa. Akikutwa na kosa angesimamishwa shule na michezo, na nafasi ingekwenda kwa mwingine. Alipewa shtaka kwa maandishi, kama nilivyofundisha. Akaandika shahidi mmoja tu, mtu pekee aliyesimama karibu na kuona: kocha wake.

Nilikuwa na siku tatu za kuomba mjumbe mwingine akae badala yangu. Kanuni ziliruhusu, na mimi ndiye niliyependekeza kanuni hiyo. Sikuomba. Nilipiga pasi gauni langu, nikaenda.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu mkuu wa shule aliposema shahidi aingie. Tulisikia kikohozi barazani. Mkuu akasubiri. "Shahidi aingie," alirudia. Kikohozi tena. Walimu wawili wenyeji walitazama meza. Niliona kivuli chake kwenye sakafu ya mlangoni, kimesimama pale pale, hakisogei.

"Ana nini huyu mzee?" mkuu aliuliza.

Binti aliniangalia. Yeye ni wa Matema, amekulia kati ya Wakisi na Wanyakyusa, alijua kila kitu. Alijua kwamba neno moja tu lilitakiwa, na kwamba neno hilo mtoto hawezi kumwambia mama wa umri wangu, aliyekaa mezani na wazee.

Mhudumu wa ofisi aliingia na kikaratasi. Alinipa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiandika. Mwandiko niliujua, ule ule wa kwenye ubao wa timu. Kiliandikwa: Namwomba mkwe wangu anipishe dakika tano tu, nimsemee mtoto.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikisubiri aniombe kitu. Nilikisoma mara mbili, kwa raha, sitadanganya. Moyo ulinidunda kwa furaha kama wa mtu aliyefunga goli. Kisha nikakikunja, nikakiweka chini ya daftari.

"Kimesemaje?" mkuu aliuliza.

"Si ushahidi," nilisema. "Ushahidi hutolewa ndani ya kikao."

Nikaandika kwamba shahidi aliitwa mara mbili na hakuingia. Kila neno lilikuwa kweli. Binti alisimamishwa mwezi mzima na kuondolewa timuni. Alipotoka nilimsikia mwalimu akiongea naye barazani kwa sauti ya chini, kwa Kinyakyusa, akimwomba radhi. Sauti ilikuwa ya mtu mzee. Nilikusanya karatasi zangu nikapanda bodaboda kwenda kwa mama, nikiwa na hamu ya kumweleza.

Mama sasa hafinyangi vyungu vikubwa, vidole vimekakamaa, lakini vidogo bado. Nilimkuta akilainisha kimoja kwa kokoto, nikamsimulia chote, kikohozi, kivuli, karatasi. Nilitegemea angalau atabasamu. Aliendelea kulainisha mpaka nikamaliza.

"Na huyo binti," aliuliza, "alifanya nini?"

Nikasema labda hakufanya kitu.

"Mimi sikukutuma," alisema. "Siku ile sikuwa na namna. Wewe ulikuwa na namna, ulikuwa na miguu, ungeinuka tu." Akageuza chungu upande wa pili. Nilipoaga alinipa samaki wa kwenda nao kama kawaida, jambo lililonifanya nione aibu kuliko kama angenifukuza.

Jumamosi mchana binti alikuja kwangu na baba yake. Mvuvi yule alikuwa amevaa shati la kanisani na ameniletea samaki, mbasa wawili wamefungwa kwa majani. "Mugonile, mama," alinisalimia. Alisema ameambiwa na watu kwamba mimi ndiye ninayejua kanuni, kwamba huwa nawasaidia watoto, na kwamba rufaa ikiandikwa vizuri bodi itakaa haraka. Binti hakuwa amemwambia nilichofanya. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, magoti pamoja, akitazama sakafu, na nikaelewa kwamba alikuwa amemsikia baba yake akinisifu njia nzima kutoka Matema na hakusema kitu, kwa heshima.

Nilileta karatasi na kalamu. Nikamwambia aandike mwenyewe, rufaa ni yake, mimi nitamwelekeza. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa kulala kidogo. Tulimaliza utangulizi.

"Sababu ya kwanza," nilisema. "Shahidi wangu alifika siku ya kikao, lakini hakusikilizwa."

Akaandika.

"Kwa sababu alizuiwa kuingia."

Akaandika mpaka neno la mwisho, kisha kalamu ikasimama. Baba yake alishusha kikombe cha chai.

"Na nani?" mvuvi aliuliza. "Andika na nani, mwanangu. Usiogope mtu."

Binti hakuandika. Aliinamisha kichwa zaidi, masikio yamewaka, na nikaona kwamba angekaa hivyo mpaka giza liingie, na angeiacha rufaa iharibike, kabla ya kuandika jina la mtu mzima aliyekaa mbele yake. Nikaichukua karatasi. Nikaandika majina yangu yote matatu na cheo changu kwenye kamati. Nikaongeza kwamba shahidi alileta ombi la maandishi na kwamba nililificha, nikakitoa kile kikaratasi kwenye mkoba na kukibana pamoja na barua. Baba yake alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye jina aliinua macho, akanitazama, kisha akawatazama wale samaki mezani. Hakuwachukua. Nilitamani awachukue.

Bodi itakaa Jumanne. Mjumbe anayelalamikiwa hutolewa nje shahidi anaposikilizwa, kwa hiyo mwalimu ataingia, atapewa kiti, ataulizwa, atajibu kwa ile sauti yake ya upole, na watu watamshukuru. Mimi nitakuwa barazani. Bado namchukia, na ningeweza kumwacha asimame kwenye mvua miaka mingine kumi bila kuchoka. Lakini timu ya mkoa inatajwa Jumatatu, siku moja kabla.